Jicho na Mkono: Kifo cha Msanii na Hofu ya Kufa Mpweke katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Kifo cha msanii mashuhuri kina kinaya ndani yake. Mtu aliyejulikana na maelfu kwa sauti yake huweza kuiaga dunia mahali ambapo wachache mno wanaujua mwili wake. Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa na mwimbaji wa Morogoro, alifariki kutokana na ajali ya gari iliyotokea Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Novemba 24, 1991 Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, ambaye alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alifariki nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 45. Vifo hivi viwili havilingani kwa sababu zake, wala kwa mazingira yake, wala kwa ukubwa wa hadhira iliyoomboleza. Hata hivyo, vyote viwili vinazusha swali moja ambalo fasihi ya Kiswahili imekuwa ikilishughulikia kwa karne kadhaa: je, kujulikana kunamkinga mtu na kufa mpweke?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuvisoma vifo vya wanamuziki hao wawili sambamba na tungo chache mashuhuri za Kiswahili. Hoja inayoendelezwa ni kwamba katika fasihi hii kinyume cha kufa mpweke si kuonekana, bali ni kusogelewa. Kuonekana ni kazi ya jicho. Kusogelewa ni kazi ya mkono. Jicho huweza kumtazama marehemu kwa siku nyingi lisijue kwamba amekufa. Mkono ndio unaomwosha, unaomvika sanda, unaomchukua jenezani na kumtia kaburini. Uhakiki usiotenganisha viungo hivi viwili hujikuta ukiusifu umaarufu kana kwamba ni tiba ya upweke, jambo ambalo tungo zenyewe hazilikubali.

Hofu na mahali pake

Hofu ya kufa bila kujulikana haielei hewani, ina makazi. Timbwani, kata ya Likoni iliyo ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa, ni mfano mzuri wa makazi hayo. Katika mitaa ya bara ya Mombasa nyumba ya Kiswahili imekuwa kwa miaka mingi nyumba ya kupangisha: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kila chumba kina kufuli lake. Katika vyumba hivyo wameishi Wadigo na Waswahili wenyeji, pamoja na watu waliotoka Kwale, Kilifi, Taita, Ukambani na mbali zaidi, wakifuata kazi za bandarini, za hotelini na za kuuza kimoja kimoja kandokando ya kivuko. Mwenyeji akifa, habari hutangazwa msikitini, na kabla ya jua kusogea watu wamekwisha kugawana shughuli: wa kuchimba, wa kununua sanda, wa kuosha, wa kupika. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu kazi hizi ni faradhi ya kutoshelezana: wakizifanya baadhi, wengine wamesamehewa, wasipozifanya hata mmoja, mji mzima una dhambi. Mpangaji asiye na jamaa ana hali nyingine. Mlango wake uliofungwa huweza kufasiriwa kuwa amesafiri, au amelala baada ya zamu ya usiku. Anakufa katikati ya watu, na ukuta ni mmoja.

Methali ya Kiswahili inasema kwamba kifo cha wengi ni harusi. Kwa kawaida methali hii hufafanuliwa kuwa ni ya kufarijiana: msiba ukigawanywa hupungua uzito. Lakini ukiigeuza utaona ilichokificha. Ikiwa kifo cha wengi ni harusi, basi kifo cha mmoja ndicho kifo kamili. Methali yenyewe, kwa hiyo, ni ushahidi wa hofu hii. Historia ya Likoni imeipa changamoto kali. Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikielekea kisiwani, na watu 272 wakapoteza maisha. Hapa walikufa wengi kwa mara moja, katika maji yale yale, wala haikuwa harusi. Kila maiti ilihitaji mtu wake wa kuitambua, mmoja mmoja, kwa nguo, kwa uso, kwa alama. Wingi wa waliokufa haukuupunguza upweke wa yeyote. Uliongeza tu idadi ya mikono iliyohitajika.

Tanzia kama utanzu

Mbinu ambayo jamii ya Waswahili imeibuni dhidi ya hofu hii ni tanzia. Wahakiki wameijadili tanzia zaidi kama maudhui ya mashairi ya maombolezo, na kwa nadra kama utanzu wenye kazi yake. Kazi ya tanzia ni kuita. Haimsifu marehemu kwanza. Humtaja, hutaja alipofia, hutaja nani wake, hutaja saa na mahali pa mazishi. Sifa huja baadaye, katika mbolezi na katika hitima. Msingi wa tanzia ni jina, mahali na saa, kwa sababu mambo hayo matatu ndiyo yanayoiwezesha mikono kufika.

Redio iliichukua sanaa hii na kuipanua. Matangazo ya vifo yaliyosomwa katika idhaa za Kiswahili za Kenya na Tanzania yalikuwa na muundo maalumu uliotambulika mara moja na wasikilizaji: jina la marehemu, mahali alipofia, kisha orodha ndefu ya jamaa na miji waliyomo, wakiombwa habari ziwafikie popote walipo. Orodha hiyo huonekana kavu kwa mhakiki aliyezoea tamathali. Kumbe ndiyo kiini cha tungo nzima. Kila jina katika orodha ni mkono unaoitwa, na tungo hupimwa kwa jambo moja tu: je, waliotajwa wamefika? Inafaa kukumbuka kwamba redio ile ile iliyotangaza vifo ndiyo iliyopiga muziki wa dansi. Msikilizaji wa Kisauni au wa Changamwe alipokea kupitia chombo kimoja sauti iliyomfurahisha na sauti iliyomwita kuzika. Uhusiano huu wa santuri na tanzia ni muhimu katika kukielewa kifo cha Mbaraka, kama itakavyoonekana.

Mikono miwili: Mwana Kupona na Liyongo

Katika utenzi wa Kiswahili kuna vifo viwili vinavyofaa kuwekwa pamoja, ingawa kwa kawaida hufundishwa mbalimbali. Cha kwanza ni kifo kinachosubiriwa katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Utendi huu umesomwa sana kama mafunzo ya unyumba, na katika miaka ya karibuni umehojiwa kwa mtazamo wa kijinsia. Masomo yote mawili yana haki yake. Lakini hali ya usemaji katika utendi huo haijapewa uzito unaostahili. Msemaji ni mama mgonjwa ambaye anamwita binti yake aje karibu, aje na wino na karatasi, akae kitako aandike. Kabla ya wasia wowote kutolewa, agizo la kwanza ni la kusogea. Kifo kinakuja, lakini kinakuja chumbani ambamo mkono wa mtoto unaandika. Kwa maneno mengine, utendi wenyewe ni matokeo ya ukaribu huo. Bila mkono ule kusingekuwa na tungo.

Kifo cha pili ni cha Fumo Liyongo, kama kinavyosimuliwa katika utendi ulioandikwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo ni shujaa, lakini pia ni msanii: mapokeo yanamhesabu miongoni mwa watunzi wakubwa wa kale, na gungu ndilo lililomwokoa gerezani, kwani shangwe ya ngoma iliyochezwa nje ndiyo iliyoifunika sauti ya tupa iliyokata minyororo. Mtu huyu, ambaye wimbo ulimpa uhai, hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo mtawala wa Pate aliipata kwa kumhadaa mwanawe Liyongo mwenyewe. Mwana huyo akamchoma babaye usingizini. Hapa mkono wa mtoto umekuja karibu, lakini umekuja kuua.

Kinachofuata ndicho kilele cha utendi, na ndicho kinachohusu mada hii. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta mshale. Anafia pale pale, katika umbo hilo hilo. Watu wa mji wanamwona. Hawasogei, kwa kuwa wanamdhania hai na mwenye hasira. Siku zinapita, mji unashikwa na kiu, wanamwendea mama yake ili ambembeleze mwanawe kwa tungo. Mama anaimba, na mwana hajibu. Mwishowe maiti inaanguka yenyewe, na hapo ndipo watu wanaposogea na kuiona sindano.

Tafsiri iliyozoeleka ya tukio hili ni kwamba shujaa aliogopwa hata baada ya kufa. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila inaishia njiani. Liyongo alikufa akionekana na kila mtu na bila kujulikana na yeyote. Hakukosa macho, mji mzima ulimtazama. Alichokosa ni mkono mmoja wa kumgusa bega. Aidha, kilichozuia mkono huo ni sifa yake mwenyewe. Ukubwa wa jina lake ndio uliomfanya asikaribiwe, na umbo lake la ushujaa ndilo lililokificha kifo chake. Kijumwa anatupa hapa, pengine bila kukusudia, kauli nzito juu ya umaarufu: kwamba umaarufu ni umbali, na kwamba mtu huweza kuwa maiti ndani ya taswira yake inayosimama wima.

Upweke wa kaburi na upweke wa gereza

Huenda ikapingwa kwamba dini imekwisha kulifunga swali hili, kwa kuwa kila mtu huingia kaburini peke yake. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaweza kuletwa kama hoja. Mshairi anaionya nafsi yake kwa kuikumbusha mabwana wa Pate, waliokuwa na majumba yenye taa na vyombo vya thamani, na ambao sasa wamo katika vyumba vyembamba vya udongo, na majumba yao yamebaki kwa popo na buibui. Kwa mtazamo huu upweke wa kifo ni wa wote, na kuuogopa ni kutokuijua dunia.

Hata hivyo, utendi huo haulingani na hoja hiyo kwa ukamilifu. Kinachomwuma mshairi si tu kwamba waliokufa wako peke yao. Kinachomwuma ni kwamba majumba yao hayana wa kuitikia. Anauliza maswali, na hakuna mwenyeji wa kujibu. Al-Inkishafi ni utendi wa mtu anayebisha hodi. Mshairi mwenyewe ndiye aliyesogea. Amefika mlangoni mwa nyumba iliyoachwa na kuyataja yaliyokuwamo. Kwa hiyo hata katika tungo inayofundisha kuidharau dunia, mtunzi anafanya kazi ile ile ya mtoa tanzia: anakwenda, anatazama kwa karibu, anarudi na habari.

Katika karne ya 20 mshairi wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliifikisha mada hii mahali pengine. Alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga kifungoni, akiwa ametengwa na wafungwa wengine na akiandika kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Diwani hiyo huhakikiwa zaidi kwa siasa yake, na ni haki. Lakini kimaumbo ni diwani ya mtu aliyewekwa mahali ambapo angeweza kufa bila mlango wa jirani kugongwa. Karatasi zile hazikuwa na thamani mpaka zilipopokewa na mtu mwingine na kutolewa nje. Hapa tena sauti haikutosha. Ilihitaji mkono wa kuichukua. Jambo hili lilikuwa na mfano wake Mombasa hiyo hiyo: mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, yasingetufikia kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kuyafikisha kwa W. E. Taylor. Watu husema kwamba Muyaka anaishi katika mashairi yake. Ni kweli zaidi kusema kwamba alichukuliwa, kama jeneza linavyochukuliwa, bega kwa bega.

Sauti ijulikanayo, mwili mgeni

Kwa misingi hii kifo cha Mbaraka Mwinshehe kinaweza kusomwa upya. Mbaraka alizaliwa Juni 27, 1944 mkoani Morogoro. Alijijengea jina akiwa na Morogoro Jazz, akawa miongoni mwa wanamuziki walioiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, kisha akaanzisha Super Volcano. Alipofariki, wimbo wake "Shida" ulikuwa umeenea Kenya kiasi kwamba Mombasa haikuwa ugenini kwa sauti yake. Ilikuwa ugenini kwa mwili wake.

Tofauti hii ndiyo inayoyapa uhai masimulizi ya mashabiki kuhusu usiku ule. Masimulizi hayo hutilia mkazo damu: kwamba ilimwagika nyingi, na kwamba haikupatikana ya kutosha kwa wakati. Kwa mwanafasihi, swali si daktari gani alifanya nini. Swali ni kwa nini masimulizi yanachagua damu kuwa kiini chake. Damu ni kitu pekee ambacho msikilizaji angeweza kukitoa kwa mkono wake. Hawezi kuuzuia mgongano wa magari. Hawezi kuirudisha saa nyuma. Lakini angeweza kuunyosha mkono ili atolewe damu, laiti angejua ni nani aliyelala pale. Hayo ni masimulizi ya majuto ya jicho, au kwa usahihi zaidi, majuto ya sikio: tulimsikia kila siku, na siku alipotuhitaji hatukuwapo. Kimuundo hayatofautiani na kisima cha Liyongo. Mji mzima ulikuwa na sauti yake, na mkono haukufika.

Inazidi kuchoma kwamba Mbaraka mwenyewe alikuwa mtoa tanzia. Dakta Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Desemba 25, 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo ulioupeleka msiba wa Iringa katika kumbi na nyumba za nchi nzima. Wimbo huo ulifanya kazi ya tanzia ya redio kwa njia ya gitaa: ulimtaja marehemu kwa jina na kuwafanya watu wasiomjua wawe wafiwa. Baada ya Mbaraka kufariki, nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa tena katika mfululizo wa santuri uliopewa jina la Ukumbusho. Jina hilo ni zuri, na santuri hizo zimehifadhi hazina kubwa. Lakini ukumbusho si tanzia. Tanzia huwaita watu waende. Ukumbusho huwaruhusu wakae walipo na kusikiliza.

Mzaliwa wa Unguja

Kifo cha Freddie Mercury kinaonekana kuwa kinyume cha kile cha Kisauni. Mbaraka alikufa ghafla, barabarani, katika mji usio wake. Mercury aliugua kwa miaka, akafia nyumbani kwake. Mbaraka alikosa macho yaliyomtambua. Mercury alikuwa nayo kupita kiasi. Katika miezi yake ya mwisho waandishi wa magazeti ya Uingereza walikesha nje ya ukuta wa nyumba yake, wakitafuta picha ya uso uliokonda. Taarifa kwamba ana ukimwi ilitolewa Novemba 23, 1991, siku moja tu kabla ya kufariki. Hapa kuna kisima kingine: watu wamemzunguka msanii, wanamtazama, wanangoja aanguke.

Lakini ndani ya ukuta ule mambo yalikuwa tofauti. Alihudumiwa na marafiki wachache mpaka mwisho. Mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa Kizoroasta, kwa dini ya wazazi wake Waparsi, na mwili ukachomwa. Majivu yake yaliwekwa mahali ambapo hapakutangazwa. Kwa istilahi za makala haya, mwanamuziki aliyeishi kwa kutazamwa alichagua mwishoni kuyafungia macho na kuiachia mikono. Kwa kizazi cha wakati ule, uchaguzi huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu ukimwi ulikuwa ugonjwa ambao watu wengi, kuanzia London hadi Mombasa, waliogopa kumgusa aliye nao. Wagonjwa wengi walikufa wakitazamwa kwa mbali, chakula kikisukumwa mlangoni. Aliyepata mtu wa kumshika mkono alikuwa amepata kile ambacho Liyongo alikikosa.

Upande wa pili wa suala hili uko Zanzibar. Familia yake iliondoka visiwani mwaka 1964, naye hakuwahi kujitambulisha sana kwa jina la Unguja. Septemba 2006 mpango wa kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ulipingwa na jumuiya ya kidini ya Uamsho, ukaachwa. Novemba 2019 jumba dogo la makumbusho yake lilifunguliwa katika Mji Mkongwe. Kati ya matukio hayo mawili kuna swali la tanzia: je, huyu ni wetu? Mji unaweza kumkataa mtu wakati wa kushughulikia jina lake, kisha ukamkubali wakati wa kukata tiketi. Makumbusho, kama santuri za Ukumbusho, ni mahali pa jicho. Hayaitwi majibu ya swali la mkono, kwa sababu mikono inayohitajika hapo ni ya kufuta vumbi tu.

Dhidi ya kauli ya "sauti inaishi"

Katika tahakiki za mashairi na nyimbo za maombolezo imezoeleka kuhitimisha kwamba msanii hafi, kwani sauti yake inaishi. Kauli hii imerudiwa mno kiasi kwamba haiulizwi inamfaa nani. Kwa kuyazingatia yaliyotangulia, ni dhahiri kwamba inamfaa msikilizaji. Inamwondolea deni. Ikiwa msanii hajafa, hakuna wa kuoshwa, hakuna wa kuzikwa, na hakuna wa kuulizwa walikuwa wapi wenzake. Liyongo aliyepiga goti kisimani alikuwa na umbo la uhai lililokamilika, na wakazi wa mji wangeweza kuapa kwamba anaishi. Sauti iliyohifadhiwa kwenye santuri ni umbo la namna hiyo. Ina pumzi, ina hasira, ina mahaba, na mwenyewe amekwisha kuondoka zamani.

Haimaanishi kwamba nyimbo zisihifadhiwe. Maana yake ni kwamba uhakiki wa maombolezo unahitaji kipimo kingine zaidi ya ufundi wa tamathali na uhai wa jina. Kipimo hicho ni iwapo tungo inamsogeza msikilizaji karibu na mfu fulani, mwenye jina na mahali, au inampa nafasi ya kumtazama kwa mbali na kutosheka. Kwa kipimo hiki, Utendi wa Fumo Liyongo ni maombolezo bora kuliko mashairi mengi ya rambirambi yaliyoandikwa kwa ajili ya viongozi na wasanii, kwa sababu unatulazimisha tuaibike pamoja na watu wa mji kwa siku zile tulizokuwa na kiu na hatukuthubutu kwenda kisimani.

Kipimo hicho hicho kinaufikia pia utanzu wa riwaya. Wahusika wa Euphrase Kezilahabi, kama Rosa katika Rosa Mistika (1971) na Kazimoto katika Kichwamaji (1974), hujiua wakiwa wametengwa na jamii inayowazunguka. Riwaya, kwa asili yake, humweka msomaji ndani ya chumba ambamo jamii haikuingia. Hakuna kifo kisichojulikana katika riwaya, kwa kuwa msimulizi yupo. Hilo ndilo faraja yake, na pia ndilo udanganyifu wake. Mpangaji wa Timbwani hana msimulizi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hofu ya kufa mpweke si jambo geni lililoletwa na mji wa kisasa au na muziki wa kigeni. Iko katika tendi za kale, na tendi hizo zimeichambua kwa makini zaidi kuliko uhakiki ulioziandama. Mwana Kupona alimwita binti yake asogee; mji wa Liyongo ulishindwa kusogea; mshairi wa Al-Inkishafi alikwenda kubisha hodi kwenye nyumba zisizo na wenyewe. Kifo cha Mbaraka Kisauni na kifo cha Freddie Mercury Kensington vinathibitisha, kila kimoja kwa upande wake, kwamba umaarufu hauongezi hata mkono mmoja. Mikono huletwa na ujirani, na ujirani huanza kwa kulijua jina la mtu kabla hajafa.

Kuna kazi inayopaswa kufuata. Tanzia za misikitini na za mitaani, matangazo ya vifo ya redio, na maneno yanayosemwa na waosha maiti na wachimba kaburi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hayajakusanywa wala kuchambuliwa kama fasihi simulizi. Wanafunzi wa shahada za juu wamekuwa wakiyapuuza kwa sababu hayana vina wala mizani. Wangeanza na muundo wa orodha ya majina: nani hutajwa kwanza, nani huachwa, na hutangazwaje kifo cha mtu ambaye mtaani hakuna anayelijua jina la baba yake. Katika pengo hilo la mwisho, pale mtangazaji anapolazimika kusema tu kwamba amefariki mpangaji wa nyumba fulani na kwamba watu wanaombwa wafike, kuna tanzia iliyokamilika kuliko nyingi zilizochapishwa. Haina sifa hata moja ya marehemu. Inataja nyumba na saa, na watu wanakwenda.